Naomba ushauri: kupeleka kofia za Lamu Unguja

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Niko Lamu, na kina mama wa mtaani kwetu tunashona kofia za viua (vitobo vidogo vilivyodariziwa) kwa mkono. Kofia moja huweza kula miezi, ndiyo maana inaniuma kuiuza kwa bei ya kutupa. Sasa mwenye duka Unguja anataka tumpelekee mzigo mara kwa mara.

Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 zinaweza kuvuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Lunga Lunga–Horohoro bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili (hati ya kuonyesha zimetengenezwa wapi), mradi zimo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Je, kofia zimo? Na bandarini Unguja cheti hicho wanakikubali, au huko ushuru hudaiwa? Hapo ndipo penye hofu yangu. Aliyewahi kuvusha anielekeze, tafadhali.