Tupeane uzoefu: bata maji na bata bukini msimu wa uwindaji unapoelekea ukingoni, Kanda ya Ziwa

Mwana wa Ghuba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaowinda ndege wa majini kwa leseni, na pia wa wale wanaoishi nao tu huku kando ya ziwa. Nataka tuzungumzie kipindi ambacho watu hukiruka: mwishoni mwa msimu.

Hadithi za Julai kila mtu anazo. Msimu ukifunguliwa kiangazi kimeshakaza, malambo ya Kwimba na Magu yamebaki tope, na bata wote wamerundikana palipo na maji ya kudumu: mdomo wa Mto Simiyu, fukwe za Ghuba ya Speke, kwenye mafunjo ya kuelekea Kayenze. Hapo hata mgeni anaonekana fundi. Sasa subiri vuli. Mvua za Novemba zikishashika, mbuga zinajaa, kila jaruba lina maji, na lile kundi ulilolizoea linatawanyika Usukuma nzima. Unakaa kwenye matete tangu alfajiri, unaishia kuhesabu yangeyange na mnandi.

Mimi naona kwamba kipindi hicho anayepata ni yule anayejua maji yako wapi na yamefika lini. Bunduki nzuri haisaidii kitu. Halafu bata waliobaki karibu na watu wameshasikia milio miezi mitano. Hawashuki ovyo. Wanakuja juu, wanazunguka, wanazunguka tena, ukitikisa kofia tu wamegeuka kuelekea Ukerewe.

Karibuni. Ila kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo simulizi za kurunzi usiku, mitego na sumu mzipeleke kwingine.

Babu Matete

Umenigusa, kijana. Mimi bunduki nimeshaiacha, magoti hayataki tena mtumbwi, lakini niliyoyaona nitayasema.

Mjomba wangu alikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, na alikuwa na leseni zake zote kwenye mfuko wa nailoni. Kitu alichonifundisha hakikuhusu kulenga. Bata wa kwanza akipatikana, alikaa chini na kisu kidogo, akapasua ule mfuko wa shingoni unaotunza chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi, akamwaga vilivyomo kwenye kiganja. Akavitenga kwa kidole. Mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa, za mayungiyungi: huyu ametoka kwenye maji ya kudumu, ghubani. Mbegu za majani ya mbuga, nyembamba, zina tope la kijivu: huyu alikuwa nchi kavu, mvua imeshanyesha huko. Punje za mpunga: majaruba, tena majaruba ya nani tulijua, maana waliowahi kumwaga mbegu walikuwa wachache. Kesho yake tulikwenda kule ambako shingo ya bata ilituelekeza.

Vijana wanatafuta bata angani. Sisi tulimtafuta tumboni mwake.

Jambo la pili ni wale wanaopiga filimbi, wenye uso mweupe. Wale wanakula zaidi usiku. Asubuhi ukiwafuata shambani umechelewa, wameshashiba wanarudi kulala kando ya maji. Kwa hiyo kaa kwenye njia yao ya kurudi, jua likiwa halijatoka vizuri. Utawasikia kabla hujawaona, ile filimbi ya sauti tatu. Bata bukini wa Misri, yule wa kahawia mwenye doa kuzunguka jicho, ni tofauti: anakula majani mchana kama ng'ombe wa mtu, asubuhi na jioni, kwenye nyasi fupi ufukweni.

Na usipige ndege atakayeangukia mahali usipoweza kumfikia. Matete ya kule ndani yana mamba, na bata aliyejeruhiwa akizama humo hapatikani. Mjomba aliacha ndege wengi wazuri wapite kwa sababu hiyo tu, mimi nikiwa nimenuna.

Mama Majaruba

Shikamoo babu. Nimecheka hapo kwa "majaruba ya nani tulijua". Ni yetu!

Mimi siwindi. Ninalima mpunga upande wa Magu, na nawaambia ukweli, msimu wenu ukiisha wetu ndiyo unaanza. Sisi tunaomwaga mbegu moja kwa moja tunamwaga mvua zikishaingia, na hapo ndipo hao wapiga filimbi wanapohamia. Kundi likitua usiku kwenye jaruba lenye maji na mbegu mpya, asubuhi unakuta viraka vitupu, na miche iliyoota imekanyagwa ikalala. Mwenye jaruba dogo anaweza kurudia kumwaga mbegu yote.

Tumejaribu mengi. Kupiga madebe kunawafukuza hadi jaruba la jirani, ukichoka wanarudi. Sanamu ya mtu waliizoea haraka, niliwakuta wamelala chini yake. Mkanda wa kaseti za zamani uliotandazwa kwenye miti unavuma ukipigwa na upepo, huo ulisaidia kidogo, ila usiku upepo ukitulia nao umetulia. Kilichosaidia zaidi ni kutoa maji. Mbegu ikimwagwa kwenye tope lililokamuliwa badala ya maji yaliyosimama, bata anaiona sehemu hiyo haina raha, anatafuta maji mengine. Halafu unarudisha maji taratibu mche ukishanyanyuka. Inataka mtu ajue kusawazisha jaruba lake, la sivyo kona moja inabaki na dimbwi na wote wanarundikana hapo.

Kwa hiyo ndugu zangu wawindaji, Julai mnakwenda ghubani kufanya nini? Njooni Desemba, chai ipo.

Kirumba Boy

Mama Majaruba umewamaliza 😂

Mimi swali moja kwa hao wanaokaa kwenye matete tangu alfajiri: kichocho je? Maji ya kina kifupi yenye majani, konokono wamejaa, na wewe umesimama humo umevaa kandambili. Nimekulia hapa Mwanza, hicho kitu si utani.

Mwana wa Ghuba

Kirumba Boy, buti za mpira hadi mapajani, tena ziwe hazivuji. Na viboko pia. Jioni wanatoka kwenda kula majani, ukiwa umekaa kati yake na maji hiyo siyo habari ya bata tena. Kabla hujachagua pa kukaa, tazama njia zao kwenye tope la ufukweni.

Mama, ujumbe umefika. Ila mvua ikishanyesha barabara ya kuingia huko kwenu gari haipiti.

Mwanza to Minnesota

Wakuu, mimi mzaliwa wa Nyegezi, niko Minnesota, Marekani, miaka mingi. Huku mwisho wa msimu ni kitu kingine kabisa.

Kwanza taratibu. Lazima uwe na leseni ya jimbo, na juu yake stempu ya serikali kuu ya ndege wa majini, utaratibu ulioanza 1934, sasa ni dola 25. Fedha zake zinanunua na kutunza ardhi oevu. Risasi za risasi, yaani marisau ya madini ya risasi, ni marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991, kwa sababu bata walikuwa wakizimeza chini ya maji wakidhani ni changarawe na kufa kwa sumu. Tunatumia marisau ya chuma. Ni mepesi zaidi, nguvu yake inapungua mapema, kwa hiyo lazima umwache ndege aje karibu. Na bunduki isizidi risasi tatu.

Sasa Desemba. Maziwa yanaganda. Bata bukini wa Kanada waliobaki wanakusanyika penye maji ambayo hayajaganda: mtoni penye mkondo, kwenye chemchemi. Mji wa Rochester ulikuwa na Ziwa Silver ambalo halikuganda kwa sababu ya maji ya moto ya mtambo wa umeme, bata bukini wakajaa. Hapo ndipo mwaka 1962 mtaalamu mmoja aligundua kwamba wale wakubwa kabisa, waliodhaniwa wametoweka duniani, kumbe wapo wanaogelea katikati ya mji.

Tunawavizia kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Baridi inapokuwa kali sana hawatoki alfajiri, wanangoja joto kidogo. Unaweza kulala kitandani hadi saa tatu, hiyo ndiyo raha pekee. Tunatandika mabata ya plastiki shambani na kulala chini katikati yake tumefunikwa shuka jeupe la rangi ya theluji. Kazi kubwa ni kuyapangusa. Yakilala nje usiku yanapata barafu nyembamba mgongoni, jua likitoka yanameta, na ndege aliyekwishapigwa risasi majimbo mawili akiona bata anayemeta anapanda juu palepale. Nina mwenzangu anayetembea na kitambaa cha jikoni, anapangusa moja moja huku anatetemeka.

Na filimbi ya kuwaitia tunaipuliza kidogo sana kipindi hicho. Wameshazisikia zote.

Babu Matete

Kulala kwenye theluji kusubiri bata. Pole, mjukuu wangu.

Mwana wa Ghuba

Mwanza to Minnesota, umenifungua kitu. Kwenu baridi inawakusanya, kwetu mvua inawatawanya. Ninyi mwisho wa msimu mnatafuta maji machache yaliyobaki wazi, sisi tunatafuta tope jipya katikati ya maji mengi. Sasa naelewa kwa nini mbinu za video za Marekani hazifanyi kazi hapa. Kuna jamaa alileta mabata ya plastiki kutoka nje, akayaweka ghubani Desemba. Walikuja wavuvi kuuliza bei.

Mvuvi wa Igombe

Naongeza moja ambalo wawindaji hawalisemi. Kuna yule bata mwenye nundu juu ya mdomo. Kiangazi nundu ya dume ni ndogo, imelala. Mvua zikianza inavimba, inasimama, unaiona ukiwa mbali kwenye mtumbwi. Hapo anataka jike na kiota, tena kwenye shimo la mti. Mimi nikiona nundu zimesimama najua hao sasa ni wazazi, hata kama karatasi yako inakuruhusu. Kumpiga jike wakati huo ni kupiga na mayai yake.

Na yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa, akibadilisha manyoya anakaa wiki kadhaa hawezi kuruka. Vijana wanamfukuza kwa mtumbwi hadi achoke. Huo mimi siuiti uwindaji.

Shangazi wa Jikoni

Nilikuwa nasubiri mtu aguse sufuria. Huyo mkubwa mwenye mwiba ni nyama ngumu, na akiwa mzee ni mbao. Unamchemsha kwa tangawizi, kitunguu saumu na limao, muda mrefu, maji ya kwanza unamwaga. Nasikia pia kuna sehemu nyingine za Afrika, huko Gambia, nyama yake imewahi kudhuru watu kwa sababu anakula aina ya mende wenye sumu. Sisi tunakula, lakini tumbo lake na vya ndani natupa vyote.

Wapiga filimbi ni watamu kuliko wote, wadogo, wanono hasa wakitoka kwenye mpunga (samahani Mama Majaruba). Tafuna polepole, marisau yanavunja jino.

Ila jambo zito ni hili. Bata anayeuzwa barabarani na kijana asiye na bunduki, muulize amekufaje. Mgeuze, puliza manyoya, tafuta tundu. Asipokuwa na jeraha lolote, mwache. Upande wa Kenya, kule Bunyala kwenye mashamba ya mpunga, ilijulikana wazi miaka ile ya 2009 kwamba ndege walikuwa wakiuawa kwa karbofurani, dawa ya wadudu ya shambani, ikiwa imechanganywa na mpunga au konokono, kisha wanauzwa kama kitoweo. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha eti kwa sababu una limao.

Kirumba Boy

Na mafua ya ndege?

Shangazi wa Jikoni

Hayo nayo. Januari 2017 yalithibitishwa Uganda, ndege wa porini walikutwa wamekufa Ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, na bata wa kufugwa Masaka nao wakaugua. Ziwa ni lilelile. Ukiokota aliyejifia usimnyonyoe, usimpe hata mbwa. Toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata.

Dogo wa Sengerema

Wakuu nimesoma uzi wote. Mimi sina bunduki wala leseni, nina manati. Vipi?

Mwana wa Ghuba

Dogo, manati weka kabatini, leseni inahitajika hata kwa manati. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya ndiyo pa kuanzia, uwaulize ndege gani wanaruhusiwa mwaka huu na wangapi. Wakati unasubiri, nenda kwa Mama Majaruba mvua zikianza, anatafuta watu wa kulinda usiku.

Mama Majaruba

Namhitaji hata kesho. Aje na debe lake.