Choa kilikuwa shingoni, mashavu yaliyokuwa mazima ndo yameharibika!! Wauza dawa mnatumaliza

Wakuu mniwie radhi naandika na hasira, miezi minne sasa nahangaika na uso wangu kwa sababu ya kityubu cha elfu tatu.

Nilitoka kinyozi nikapata choa shingoni, kaduara kadogo tu kama sarafu. Nikaenda duka la dawa la hapa mtaani, jamaa hata hajaangalia vizuri akanitolea tyubu, boksi na karatasi ya maelezo kavitupa pembeni, ananiambia "kaka paka asubuhi na jioni, na mashavu paka pia isije ikasambaa, halafu inang'arisha". Nikapaka. Siku ya pili muwasho kwisha, nikamuona jamaa bonge la daktari.

Kumbe ile tyubu ina clobetasol, yaani kwenye steroidi za kupaka (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) hiyo iko kundi la kali kabisa, wameichanganya na dawa ya fangasi. Steroidi inazima kinga pale pale kwenye ngozi, muwasho unaisha ila fangasi yupo anakula taratibu, mwezi wa pili choa kikarudi kikubwa mpaka kidevuni, na hata lile duara hakina tena, ikabidi daktari wa ngozi anikwangue apeleke maabara ndo kikajulikana.

Sasa choa kitapona, sina shida nacho. Kinachoniuma ni mashavu, yalikuwa hayana kitu jamani!! Leo ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, wembe ukigusa tu damu, vimishipa vinaonekana, vipele kuzunguka mdomo, mabaka yamepauka. Na nilipoacha ghafla uso ukawaka kama nimepakwa pilipili. Daktari anasema steroidi haijui hapa pagonjwa hapa pazima, popote unapoipaka muda mrefu inapunguza kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, na uso unainyonya kuliko mkono. Clobetasol hata kwa mgonjwa mwenyewe isizidi wiki mbili mfululizo na usoni mtu hajipakii tu kienyeji, hayo yote yalikuwa kwenye ile karatasi aliyoitupa.

Na huo "mng'ao" sasa. Steroidi inabana mishipa ya damu ngozi inapauka, tena tangu 1962 wataalamu wanapima ukali wa hizi dawa kwa kuwapaka watu wasioumwa ngozi kisha wanaangalia wamepauka kiasi gani. Mimi nilikuwa nashangilia kwenye kioo! Si ajabu wenye mkorogo wanaipenda.

Choa changu kilitaka clotrimazole tupu, dawa ya fangasi isiyo na steroidi, ikigusa pazima sanasana ikuwashe kama ina ugomvi na wewe, haikondeshi ngozi. Mafuta ya mgando nimepaka tangu utoto, yanazuia tu maji yasitoke kwenye ngozi basi, sijawahi kuona mshipa. Halafu mtu anakwambia "krimu zote ni zile zile".

Jumamosi nimerudi pale kumuuliza, ananijibu "ngozi yako ina aleji kaka". Na wakati huo huo anamfungia mama mmoja tyubu ile ile, mtoto wake kababuka na nepi! Nepi yenyewe inafunika, dawa inazama zaidi. Nikamwambia dada rudisha hiyo, mpeleke mtoto hospitali. Jamaa kanifukuza eti namharibia biashara, na yule dada sijui kama aliirudisha.