Naomba ushauri: kutafsiri ghazali za Ameer Minai

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Naandika makala ya Kiswahili kuhusu Ameer Minai, mshairi wa Kiurdu aliyezaliwa Lucknow, India, mwaka 1829. Baada ya vita vya 1857 vya Wahindi dhidi ya Waingereza alihamia Rampur akawa mshairi wa ikulu ya Nawabu, mtawala wa huko, na alifariki Hyderabad mwaka 1900. Kinachonigusa zaidi ni kamusi yake, Amir-ul-Lughat. Juzuu mbili alizochapisha, 1891 na 1892, hazikuvuka herufi ya alif! Mtu anatumia miaka na miaka kwa herufi moja tu, kwa sababu kila neno alitaka lipate haki yake.

Sehemu ya maisha nimeimaliza. Nimekwama kwenye mashairi. Kila beti ya ghazali ina mishororo miwili, na mshororo wa pili huishia kwa kina kisha neno lilelile linalorudiwa hadi mwisho wa shairi. Nimejaribu kutafsiri kwa vina na mizani 16 kama tulivyozoea, maana ikapotea. Nimejaribu nathari, ikawa kama barua ya ofisini.

Naomba mnisaidie kwa mawili. Je, nilinde lile neno la kurudiwa na kuacha mizani, au kinyume chake? Na beti ya mwisho, ambamo hutaja lakabu yake “Ameer”, niiache hivyo au niweke “Amiri”, ambayo msomaji wetu ataielewa mara moja?

Natanguliza shukrani.