Mjadala: Je, maisha ya Mary Reibey yanathibitisha kwamba kuwahamishia wezi ng'ambo kulikuwa huruma?

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta hoja hii nikiwa tayari na msimamo, na atakayeupinga namwomba alete ushahidi. Kwenye noti ya dola 20 ya Australia kuna picha ya bibi mzee mwenye miwani na kofia ya kitambaa. Huyo ni Mary Reibey, aliyefika nchi ile akiwa mfungwa wa kosa la kuiba farasi. Alizaliwa mwaka 1777 huko Bury, Lancashire, nchini Uingereza, akiitwa Molly Haydock. Akawa yatima, akalelewa na bibi yake, akapelekwa kufanya kazi za ndani, akatoroka. Agosti 1791, akiwa na miaka 14, alishtakiwa katika mji wa Stafford, hukohuko Uingereza, kwa wizi huo, na alikuwa amevaa mavazi ya kiume na kujiita James Burrow. Wakati wa kesi ndipo ilipobainika kuwa ni msichana. Hukumu ilikuwa kuhamishiwa ng'ambo kwa miaka 7, na Oktoba 1792 aliteremka Sydney kutoka katika meli Royal Admiral.

Sheria ya Uingereza ya wakati ule iliruhusu mwizi wa farasi anyongwe. Badala ya kitanzi, msichana huyu alipata nchi mpya, akaolewa, akamiliki meli, maghala na majumba, na inasemekana kufikia mwaka 1816 mali yake ilikuwa na thamani ya pauni 20,000. Benki ya New South Wales ilipoanzishwa mwaka 1817 ilifanya kazi katika jengo lake. Mjukuu wake aliongoza serikali ya Tasmania mwaka 1876. Angebaki Lancashire angekuwa mtumishi wa nyumbani hadi kufa. Ndiyo maana nasema kwamba adhabu ile, pamoja na ukali wake, ilikuwa huruma.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi hoja yangu ni noti yenyewe. Taifa linapoweka sura ya mtu kwenye fedha yake linawaambia watoto wake wamwige. Katika simulizi zote za utajiri wa Reibey, aliyeibiwa farasi hatajwi, wala hatujui kama alifidiwa. Sipingi msamaha. Mtu akishatumikia adhabu deni limekwisha. Ila kusamehewa ni jambo moja na kutukuzwa ni jingine.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, taarifa ulizotoa ni sahihi, lakini hazibebi hitimisho ulilolitwika. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilihamishia Australia wafungwa wapatao 162,000, na wanawake miongoni mwao walikuwa takriban 25,000. Umemchukua mmoja aliyefanikiwa kuliko karibu wote, ukamfanya shahidi wa mfumo mzima.

Tuangalie kwanza ni nini hasa kilichomwinua. Alipofika alipangiwa kazi ya yaya katika nyumba ya Meja Francis Grose, yaani ileile kazi ya ndani aliyoikimbia Uingereza. Kilichobadili maisha yake ni ndoa ya Septemba 1794 na Thomas Reibey, ofisa mdogo wa meli ya mizigo Britannia, mtu huru asiye na kifungo chochote. Ni Thomas aliyepewa ardhi kando ya mto Hawkesbury, na ni kutoka hapo walipoanza kusafirisha mizigo hadi Sydney, kisha wakapanua biashara ya makaa ya mawe, mbao na ngozi hadi visiwa vya Pasifiki, China na India. Thomas alifariki Aprili 1811, na mshirika wao wa biashara, Edward Wills, akamfuata mwezi mmoja baadaye. Mary akabaki na watoto 7 na biashara yote mikononi mwake. Kwamba hakuiachia izame, bali aliikuza, ni sifa yake mwenyewe, na hapo simpunguzii hata chembe. Ila sioni mkono wa hakimu wa Stafford katika mafanikio hayo.

Sasa mweke pembeni yake John Caesar, mtu mweusi ambaye wengine huihusisha asili yake na Madagascar. Alihukumiwa Maidstone mwaka 1786 kwa kuiba fedha, naye akapewa miaka 7 ileile, akasafirishwa katika msafara wa kwanza wa meli 11 ulioondoka Portsmouth Mei 1787. Alikuwa mtu wa miraba minne na mgao wa chakula haukumtosha, akaiba tena, akatoroka mara kwa mara. Januari 1796 Gavana Hunter aliahidi galoni 5 za pombe kali kwa atakayemkamata, na mwezi uliofuata akapigwa risasi akafa. Huyu hayuko kwenye noti yoyote.

Kuna pia wale ambao hawakufika kabisa. Katika msafara wa pili, mwaka 1790, serikali iliwapa kazi ya usafirishaji wakandarasi waliokuwa na uzoefu wa biashara ya watumwa, ikawalipa pauni 17 na ushei kwa kila mfungwa aliyepakiwa. Aliyepakiwa, si aliyeteremshwa akiwa hai. Kwa hiyo mfungwa aliyekufa njiani hakumpunguzia mkandarasi malipo, na chakula chake kiliokolewa. Takriban robo ya wafungwa walikufa baharini. Sijui ni kwa kipimo gani hilo litaitwa huruma.

Hata hiyo miaka 7 ni ya kwenye karatasi. Mfungwa alipomaliza muda wake aliruhusiwa kurudi, lakini hakuna aliyemlipia nauli. Mwanamume aliweza kuomba kazi ya ubaharia akarejea nayo. Mwanamke hakuwa na njia hiyo, na kwa wengi wao kifungo cha miaka 7 kikawa uhamisho wa maisha.

Nimalizie na jambo ambalo mleta mada hakuligusa. Mwaka 1820 Mary, sasa tajiri, alisafiri na binti zake kwenda Uingereza, akarudi Sydney mwaka uliofuata. Katika sensa ya mwaka 1828, alipotakiwa kueleza hali yake, alijiandikisha kuwa alifika koloni akiwa mtu huru mwaka 1821. Alitumia safari ya kujigharimia kufunika ile ya pingu. Mtu aliyefadhiliwa hafichi fadhila aliyotendewa.

Mleta mada

Ndugu, kuficha kwake kunaonyesha jinsi jamii ya Sydney ilivyowadharau waliopitia kifungo, hata baada ya Gavana Macquarie, aliyeshika madaraka mwaka 1810, kuanza kuwaalika mezani kwake na kuwapa vyeo. Dharau hiyo ilitoka kwa walowezi huru, haikuwa sehemu ya hukumu. Nakubali kwamba Caesar aliteseka. Lakini swali langu la msingi bado lipo: kati ya mti wa kunyongea na meli, wewe ungemchagulia nini msichana wa miaka 14?

Mchangiaji wa pili

Ningemchagulia meli, kama ambavyo kila mtu angechagua. Ila aliyemwekea mtoto kitanzi mbele yake ni serikali ileile iliyokuja kumpa meli, na mtu hasifiwi huruma kwa kuondoa kamba aliyoifunga mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Mchangiaji wa pili ameitaja ardhi ya Hawkesbury kana kwamba ilikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wadharug, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao walichimba viazi vikuu kwenye kingo za mto ule kabla ya walowezi kuzigawana na kupanda mahindi. Wadharug waliporudi kuchukua chakula kwenye kingo zao waliitwa wezi, na mwaka 1795 askari walitumwa kuwapiga risasi. Ndugu yetu wa kwanza aliuliza kuhusu mwenye farasi. Mimi nauliza kuhusu mwenye mto, ambaye kwa ajili yake hakuna mahakama iliyokaa Stafford wala Sydney.