Abushiri "alimuasi" nani? Wahariri wa kamusi elezo, jibuni

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa Tanga mjini, nimeudhika, na naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu.

Juma lililopita mpwa wangu wa kidato cha pili aliniletea daftari lake la historia nilikague. Kwa mwandiko wake mzuri alikuwa amenakili sentensi hii kutoka kamusi elezo moja ya mtandaoni: "Waasi wa Kiarabu walivuruga amani ya pwani, lakini hali ilitulizwa na kiongozi wao akaadhibiwa." Akaniuliza, "Mjomba, walimuasi nani?" Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mji ambamo Abushiri bin Salim, ndiye huyo kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani anayetajwa hapo, alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889, na swali hilo lilinikosesha usingizi.

Niliingia nikarekebisha. Mhariri mmoja akafuta nilichoandika. Nikarudia, akafuta tena; mara ya tatu ukurasa ukafungwa, nami nikaandikiwa kwamba vyanzo vya Kijerumani vya wakati ule vinasema "uasi", na kwamba kamusi elezo haifungamani na upande wowote. Kwa hiyo kuchukua neno la upande mmoja wa vita na kulibandika kwenye kichwa cha habari ndiko kutofungamana!

Kuasi, kwa Kiswahili tulichonyonya na maziwa, ni kuacha kumtii yule ambaye utii wako ni haki yake: mtoto humuasi mzazi, mja humuasi Mola wake. Askari wa Tanganyika Rifles walipowageukia maofisa wao tarehe 20 Januari 1964, yale yalikuwa maasi na neno lilikaa mahali pake, kwa kuwa askari ana kiapo. Watu wa Pangani walikula kiapo gani kwa kampuni ya biashara ya Wajerumani? Mkataba wa Aprili 1888, ulioikabidhi kampuni hiyo pwani, ulitiwa saini na Sultani Khalifa kule Unguja. Mwezi Agosti mawakala wa kampuni wakaja kushika mji na ushuru wake, na Emil von Zelewski akashikilia kwamba bendera ya kampuni ipandishwe Pangani, ingawa liwali wa Sultani alikataa. Mwandishi akishasema "uasi" hapo, amekwisha kuamua mji ulikuwa wa nani kabla msomaji hajafika sentensi ya pili.

Na hilo "wa Kiarabu" halikuanguka kutoka mbinguni. Serikali ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, ilihitaji fedha za Bunge lao, na ilikuwa rahisi zaidi kuomba fedha za kupambana na Waarabu wauza watumwa kuliko fedha za kuiokoa kampuni iliyoshindwa. Bunge likatoa marki milioni 2 mwanzoni mwa 1889, na ofisa wao Hermann Wissmann akaja na askari wa kukodi kutoka Misri na Msumbiji. Bwana Heri wa Saadani na Wazigua wake, waliopigana nao pia, walikuwa Waarabu tangu lini?

Neno linalonichoma kuliko yote, hata hivyo, ni "ilitulizwa". Mtoto akilia hutulizwa. Bagamoyo na Pangani zilipigwa mizinga. Andikeni kwamba jeshi la Wissmann liliishambulia miji na kuiteka, kisha likamnyonga Abushiri, ili msomaji amwone mtendaji na kitendo chake. "Akaadhibiwa" humfanya adhani kulikuwa na kosa.

Lakini sikuja hapa kumpigia mtu debe. Mhariri wa pili, nadhani kwa kunihurumia, aliweka "mashujaa wa ukombozi" akategemea nifurahi. Sikufurahi. Abushiri alikuwa na shamba la miwa na watumwa wa kulilima, wala yeye na Sultani hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Ukombozi huo mwulize mtumwa aliyekuwa akikata ile miwa. Sifa ni hukumu sawa na tusi.

Ninachodai ni kidogo. Ukurasa uitwe "Vita vya Pwani vya 1888–1889", na ndani yake ielezwe wazi kwamba Wajerumani waliviita uasi wa Waarabu na kwa nini waliviita hivyo. Hakuna atakayekufa. Vita vya Majimaji vya 1905–1907 navyo Wajerumani waliviita uasi, na bado Waswahili tumeviita vita miaka yote hii bila yeyote kulalamika kwamba tumependelea.

Msimamizi aliyeufunga ukurasa najua hupita humu jukwaani. Aufungue, au aje hapa amjibu mpwa wangu.