Mrejesho: ushabiki, mashairi na kazi za chuo

Wapendwa, niliwauliza kama niache kabisa kutunga mashairi na kufuatilia katuni zangu za Kijapani mpaka nimalize kazi za chuo zilizonibana. Wengi mlisema nisiache, nipunguze tu. Nimewasikiliza, na nawashukuru mno. Mijadala ya mashabiki nimeihamishia Jumamosi. Ripoti ya utafiti nimeshaikabidhi.

Ushairi ndio ulioniokoa hasa. Kila nilipokwama kwenye sura ya nadharia ya ripoti hiyo, nilitunga ubeti mmoja wa tarbia kuhusu mhusika nimpendaye: mishororo 4, kila mmoja na mizani (silabi) 8 kwa 8, yaani 8 kila nusu. Kusaka kina cha kati, yaani silabi ya kufanana katikati ya kila mshororo, kunanituliza kuliko kuperuzi simu, kweli kabisa. Bado nadaiwa insha mbili. Shairi likikamilika nitawaletea.