Naomba ushauri: kanuni za kumpa mwanangu anayekwenda chuo

Shalom wapendwa. Niko hapa Bagamoyo, na wiki ijayo kifungua mimba wangu anaondoka kwenda chuo Dodoma. Nataka kumwandikia kanuni chache za kuishi, zienee kwenye karatasi moja aibandike juu ya kitanda. Hotuba ndefu hazimwingii.

Mpaka sasa nina hizi: sali kabla ya kushika simu. Ukikasirika, kunywa maji kwanza ndipo ujibu. Soma sura moja ya Mithali kila siku, ziko 31, mwezi unatosha. Na ucheke, maana Mithali 17:22 inasema moyo uliochangamka ni dawa. (Nyumbani kwetu tunacheka sana, hata mboga ikiwa dagaa wiki nzima.)

Nilipokwama ni kwenye pesa. Mithali 6 inaonya mtu asijifunge kwa kumdhamini mwenzake, lakini katika Mathayo 5:42 Yesu anasema akuombaye, mpe. Mwanangu ana huruma mno. Mwaka jana alimdhamini rafiki aliyekopa simu, rafiki akahama mji, tukalipa sisi miezi minne. Sitaki awe bahili, wala sitaki alale njaa kwa deni la mwingine. Mimi naona atoe alichonacho mfukoni, asiahidi asichonacho. Inatosha kweli?

Wenye watoto vyuoni, mliwaambia nini kuhusu kukopesha? Nisaidieni kuiandika kwa sentensi moja fupi. Anapanda basi Jumatatu.